Kijani cha seji katika sebule ya Minnesota

Sisi tuliokulia Tanga tunahamia Marekani na mazoea yetu ya kuta: nyeupe au krimu upande wa juu, na chini rangi ya mafuta iliyokolea ili alama za mikono ya watoto zisionekane. Mazoea hayo yana mantiki yake, kwa sababu kule mwanga ni mwingi mno na ukuta mweupe hausumbui. Hapa Minneapolis, jimboni Minnesota, karibu na nyuzi 45 kaskazini mwa ikweta, mwanga wa jua katika nusu ya pili ya Desemba haufiki saa 9 kwa siku nzima, na hata adhuhuri jua hubaki chini sana angani, nyuzi 22 hivi kutoka kwenye upeo. Theluji iliyotanda uani huurudisha mwanga huo ndani ukiwa na ubuluu, na ukuta mweupe, ambao kule nyumbani ulileta unadhifu, huku huifanya sebule ionekane kama chumba cha kungojea daktari. Kwa watu wanaokaa ndani miezi mitano ya baridi, jambo hilo si dogo. Lina uzito katika moyo wa mtu.

Ndiyo sababu mimi na mume wangu tulichagua kijani cha seji, kijani kilichopunguzwa ukali kwa ukijivu na kutiwa umanjano kidogo, kama jani lenyewe la seji, mmea wa kiungo, ambalo vinyweleo vyake vidogo hulifanya lionekane limepauka. Rangi ya jamii hiyo imependwa sana nchini humu. Kampuni mbili kubwa za rangi, Sherwin-Williams na Benjamin Moore, zote zilichagua kijani chenye ukijivu kuwa rangi yao ya mwaka 2022, ya kwanza ikiitwa Evergreen Fog na ya pili October Mist. Hata hivyo, umaarufu haukutusaidia kuamua. Kilichotusaidia ni mwanga wa chumba chenyewe.

Sebule yetu inaelekea kaskazini. Mtu wa Tanga hawezi kulitilia maanani jambo hilo mara moja, kwa kuwa mji wetu uko nyuzi 5 kusini mwa ikweta, na kwa sehemu kubwa ya mwaka jua la adhuhuri hupita upande wa kaskazini. Huku, dirisha la kaskazini halioni jua majira yote ya baridi. Linapata mwanga wa anga tu, na mwanga huo una ubuluu. Kijani cha seji kikiangukiwa na mwanga wa namna hiyo hupoteza umanjano wake na kubaki kijivu. Kwa hiyo, chumba cha kaskazini kinahitaji kijani chenye umanjano zaidi ya kile unachokipenda kwenye kadi ya dukani, na chumba cha kusini kinaweza kustahimili kile chenye ukijivu zaidi.

Wauza rangi wana kipimo cha kiasi cha mwanga ambao rangi inaurudisha, kuanzia 0 kwa weusi kamili hadi 100 kwa weupe kamili. Evergreen Fog ina 30 hivi, October Mist ina 46 hivi. Kwa chumba chenye mwanga hafifu tofauti hiyo ni kubwa, na sisi tulikwenda na ile ya juu. Tena kuta nne zinapotazamana hurudishiana rangi, hivyo kijani kinachoonekana cha upole kwenye kikadi hukolea chumba kizima kikipakwa.

Namna ya kujaribu ninayoiamini ni hii: pakaza mikono miwili ya rangi kwenye kadibodi kubwa nyeupe, uache ukingo mweupe pande zote ili jicho lisiilinganishe na rangi ya zamani, kisha uihamishe ukuta hadi ukuta, asubuhi, saa tisa alasiri, na usiku taa zikiwaka. Usiku ndipo taa zinapoamua. Mama alipotupigia simu ya video kutoka Tanga aliutazama ukuta mpya na kuniuliza, “Mwanangu, mbona mmepaka kijivu?” Taa ya dari wakati huo ilikuwa ya Kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), nyeupe kabisa. Tulipoweka za Kelvini 2700, zenye umanjano, kijani kilirudi, naye mwenyewe akakiona kwenye simu ile ile.

Nyumba za zamani za mji huu zina mbao za mwaloni kwenye fremu za milango na chini ya kuta, na mbao hizo zina wekundu wa kahawia. Hapa ndipo rangi hii inaponifurahisha zaidi. Kijani na wekundu hukabiliana kwenye duara la rangi, kila kimoja kikimtokeza mwenzake, kwa hiyo mwaloni uliokuwa unaonekana mzito umepata uhai bila kupigwa rangi. Mkeka wa ukindu tuliotundika juu ya kochi, wenye milia ya zambarau na manjano, umetulia pale kuliko ulivyotulia kwenye ukuta mweupe. Kanga zenye nyekundu kali ninazitumia kwa uchache, mto mmoja au miwili, maana zikizidi hushindana na ukuta.

Jambo moja lisipuuzwe na mtu mwenye watoto. Rangi zenye madini ya risasi zilipigwa marufuku majumbani Marekani mwaka 1978, na nyumba yoyote iliyojengwa kabla ya hapo inaweza kuwa nazo chini ya matabaka mapya. Usipige msasa mkavu kabla ya kupima, kwani vumbi la risasi hudhuru ubongo wa mtoto mdogo. Ukikuta risasi, mwite fundi mwenye kibali cha kazi hiyo.

Ndugu zetu wanaoishi nyumba za kupanga wasome mkataba kwanza na kuomba ruhusa ya mwenye nyumba kwa maandishi; wengi hukubali ukuta mmoja, na ukuta mmoja mkabala na dirisha unatosha kubadili hali ya chumba.

Galoni moja, yaani lita 3.8 hivi, hufunika takriban mita za mraba 35 kwa mkono mmoja, kwa hiyo sebule ya kawaida ikipakwa mikono miwili inahitaji galoni mbili. Kiasi kinachobaki kisiwekwe gerejini. Rangi ya maji ikiganda kwa baridi huharibika, na Januari ya Minnesota haibakizi kitu. Iweke ndani, uandike juu ya kifuniko jina la rangi, namba yake na chumba ilikotumika, ili siku ukuta utakapokwaruzwa upate ile ile.