Chokoraa alikuwa na nyumba

Leo stendi ya Nakuru makanga amemfukuza kijana aliyekuwa akiokota chupa chini ya viti vya matatu. "Toka hapa, chokoraa!" Kijana hata hakugeuka: "Na wewe gari likiuzwa utaitwaje?" Abiria tukaangua kicheko. Makanga akajifanya anahesabu pesa.

Wengi wetu tunalihusisha neno hili na kuchokora, ule ufukuaji wa kijiti unaouona kwa wanaochambua taka kule jalala la Gioto. Sawa. Lakini kamusi za zamani zinamtaja chokora kama mtumishi wa chini, kijana wa jikoni, mtu anayeishi kwa kumtegemea mwenye mali. Kumbe alikuwa na pa kulala! Alidharauliwa, ndiyo, ila alikula. Sisi ndio tuliomtoa jikoni tukamweka barabarani na gunia mgongoni na chupa ya gamu puani.

Siku hizi mtoto asipochana nywele anaambiwa anakaa chokoraa. Vijana wa mtaani wenyewe wanaitana chokosh, kwa mapenzi kabisa. Jaribu wewe wa nje uone.

Februari 2019 watoto wa mitaani walizolewa usiku hapa mjini wakaenda kutupwa msitu wa Chemasusu, Baringo. Nilisikia habari hiyo nikiwa dukani, redio iko juu ya friji. Mwenye duka akasema, "Si ni machokoraa tu," huku akinipimia sukari. Nikamwambia airudishe kwenye gunia.