Tawi la Mashabiki Lisivunjwe na Uchaguzi

Uwanja wa CCM Kirumba wa Mwanza ni mali ya chama, na jina linasema hivyo waziwazi. Pamba Jiji wakicheza pale, mzunguko unajaa watu wa kila chama na hakuna anayeulizwa kadi. Hilo si dogo kwa jiji ambalo majimbo yake ya Nyamagana na Ilemela yalichukuliwa na Chadema mwaka 2010, kisha CCM wakayarudisha 2015.

Pamba, au TP Lindanda kama wanavyoitwa, walichukua ubingwa wa Muungano mwaka 1990, miaka 2 kabla mfumo wa vyama vingi haujarejea. Ndiyo maana wazee wengi wa Mwanza wana ushabiki uliozitangulia kadi za vyama vyao. Timu ikashuka, ikakaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka 20, ikarudi 2024. Vijana waliopokea urithi huo wanahitaji matawi imara, kwa sababu timu peke yake haipatanishi watu. Kinachowaweka pamoja ni kazi: kuchanga, kupiga ngoma, kusafiri.

Anzeni na hela. Ugomvi mwingi unaoitwa wa siasa huanzia kwenye mchango usioeleweka umekwenda wapi. Vyama hutajwa baadaye, kila upande ukitafuta wa kumlaumu. Fedha itoke kwa idhini ya watu wawili wasio wa kambi moja, na hesabu isomwe kila mwezi mbele ya wanachama. Mwenyekiti, katibu na mweka hazina wasiwe na cheo chochote katika chama cha siasa, hata cha shina. Kuwa mwanachama wa kawaida hakuna tatizo.

Safari za ugenini ndizo zinazojenga kuliko kitu kingine. Mkikodi Coaster ya viti 28, gawanyeni gharama kwa watu 24, kwa sababu hawakosekani wanaoghairi asubuhi ya safari. Nafasi 4 zikijaa, ziada iingie mfuko wa tawi. Malipo yafungwe siku 3 kabla, na viti vifuate namba za risiti. Mkiacha kila mtu achague, wa kijiwe kimoja watakaa pamoja mpaka Bukoba na kurudi, na mtakuwa mmesafirisha makundi mawili ndani ya gari moja.

Kipindi cha kampeni mgombea atakuja na jezi, ngoma au basi. Hapo ndipo matawi mengi hupasuka. Basi likibandikwa picha yake, nusu ya wanachama hawapandi, na wanaopanda wanahesabiwa kuwa wake. Msimamo ulio salama ni kutopokea chochote kuanzia siku kampeni zinapofunguliwa hadi matokeo yatangazwe. Nje ya kipindi hicho pokeeni, andikeni risiti, tangazeni kiasi kwenye mkutano, na pasiwe na bango.

Rangi nazo zina mtego wake. Kijani na njano ni za CCM, lakini pia ni za Yanga, na wapenzi wa Yanga ndani ya matawi ya Pamba ni wengi. Mkianza kuchunguza nani kavaa kijani kwa sababu gani, hamtamaliza. Kanuni iwe moja: siku ya Pamba, jezi ya Pamba tu. Asiye nayo avae nyeupe isiyo na maandishi. Kusema kweli, Simba au Yanga wakija Kirumba tawi hutikisika kuliko wakati wa uchaguzi, na kanuni hiyohiyo ndiyo inayosaidia.

Ngoma isihifadhiwe ofisi ya chama wala nyumbani kwa kiongozi. Dukani kwa mwanachama panatosha, na daftari la zamu liwepo. Unyevu wa ziwani hulegeza ngozi, hivyo mwenye zamu aianike juani kama nusu saa kabla ya kwenda uwanjani, na akiigonga katikati isikike kavu. Nyimbo zisichukue tuni ya kampeni, hata maneno yakibadilishwa. Watu huitambua tuni kabla ya maneno.

Kundi la WhatsApp liwe na maadmini wawili wa mielekeo tofauti, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kufuta posti ya siasa bila mjadala. Jioni ya kuamkia siku ya kura lifungwe, waandike maadmini tu. Matokeo yakishatangazwa lifunguliwe kwa ratiba ya mechi inayofuata, nauli yake, na jina la mwenye zamu ya ngoma.