Lita moja ya asali si kilo moja

Nauza asali na mafuta ya alizeti, mwaka wa sita sasa. Lita na kilo kwangu vilikuwa kitu kimoja.

Leo jioni binti yangu wa kidato cha kwanza ameniomba mzani. Zoezi la fizikia, densiti: kitu kina gramu ngapi kwa kila mililita.

Kachukua chupa tatu za nusu lita, zinazofanana. Kapima kwanza chupa tupu ili aitoe kwenye hesabu (hilo peke yake limenifurahisha). Halafu akazijaza.

Maji: gramu 500.
Mafuta: kama 460.
Asali: 710!

"Mama, ujazo ni uleule, tungamo ndilo tofauti. Gawanya gramu kwa mililita."

Maji 1. Mafuta 0.92. Asali 1.42.

Kisha akamimina kidogo cha kila kimoja kwenye glasi moja, taratibu, kwa mgongo wa kijiko. Asali ikatulia chini, nzito, rangi ya chai ya rangi. Maji yakakaa juu yake. Mafuta yakaelea juu kabisa, na vitone vilivyozama vikawa vinapanda kimoja kimoja kurudi kwa wenzao. Tumeitazama ile glasi mpaka ugali ukapoa.

Nikamkumbuka mteja wa mwezi uliopita. Alilipia kilo tano za asali, nikamjazia dumu la lita tano. Ile ilikuwa kilo saba na kitu.

Kuanzia kesho asali inapanda mzani.

Wenzangu wa asali, nyie mnauza kwa lita au kwa kilo? Na bei mnaipangaje?