Namba zinazopinda kwenye ubao wa vigae 15

Ukiandika programu ya mchezo wa vigae 15 (ubao wa 4×4 wenye namba 1 hadi 15 na pengo moja), na ubao ukionekana umepinda, usikimbilie kubadilisha kanuni za mchezo. Anza na uchapaji. Katika lugha ya programu ya C, "%d ", alama ya kuchapa namba, huipa 9 herufi moja na 10 herufi mbili, kwa hiyo safu wima zinahama. Andika "%2d ", namba ndogo zitatanguliwa na nafasi. Sasa kila kigae kina upana wa herufi tatu, na pengo nalo lazima liwe na tatu: " _ ". Ukiandika "_" peke yake, vigae vilivyo kulia kwake vinasogea kushoto herufi mbili, na ni mstari huo tu unaoharibika. Ukiona hivyo, kosa umelipata.

Namba zote zimejipanga kwenye mstari mmoja? Umesahau "\n", alama ya kuanza mstari mpya. Kila namba iko chini ya mwenzake? "\n" imeingia ndani ya kitanzi cha j, kinachopita safu wima. Iweke baada ya kitanzi hicho kufungwa, ila bado ndani ya kile cha i, kinachopita mistari.

Linalosumbua zaidi ni sharti la kitanzi j <= 4, maana C hailalamiki. Kwenye ubao[4][4], ambao safu wima zake huhesabiwa 0 hadi 3, mara nyingi kigae cha kwanza cha mstari wa pili hujitokeza tena mwishoni mwa mstari wa kwanza, na mstari wa nne humalizikia na namba isiyoeleweka. Andika j < 4.

Kigae kikitoweka ukaona "_" mbili, uchapaji hauna hatia: uliweka 0 (namba inayowakilisha pengo) mahali pa kigae kabla ya kuinakili namba yake kwenye pengo. Nakili kwanza, kisha weka 0.