Siku moja maishani mwangu: fundi wa mageti ya umeme, Dar es Salaam

Saa 11:20 alfajiri. Kimara bado giza. Kabla ya chai nakagua mkoba: testa, bisibisi, spana, grisi, brashi ya waya, fyuzi, betri mbili za volti 12. Nikimwambia mtu kwamba natengeneza mageti ya umeme, anadhani nachomelea vyuma au nauza rimoti. Naandika haya ili angalau watu wajue kile kinachotembea mbele ya nyumba zao kila wanapobonyeza kitufe.

Saa 1:30 asubuhi. Mikocheni, geti la jengo la ghorofa limegoma tangu usiku. Nafungua kifuniko cha mota, namkuta mjusi amekaukia juu ya bodi, kile kibao cha umeme kinachoiongoza mota. Wanafuata joto, wanaingia kwa tundu la waya, wanakanyaga sehemu mbili zenye umeme kwa pamoja, fyuzi inakatika. Nimemtoa, nimesafisha bodi, nimeweka fyuzi mpya na kuziba tundu kwa silikoni. Saa 2:15 niko tena kwenye pikipiki.

Saa 3:00. Mbezi Beach. Hapa ndipo siku yangu ilipoliwa.

Napiga hodi, mlinzi ananifungulia kwa kusukuma. Ni mzee, namwita Babu. Mwenye nyumba anatoka akiwa na ufunguo wa gari mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi, hili geti linanitesa. Likifunga linafika katikati linarudi. Fundi aliyekuja mwanzo alibonyezabonyeza tu likakaa sawa. Na wewe libonyeze haraka, saa 4 natoka."

Nilipofungua mota nilikosa raha. Geti la kuslaidi huwa na sensa mbili zinazotazamana, huku na huku ya njia, kama nusu mita kutoka ardhini. Sisi tunaziita macho. Mtu au gari likikatisha kati yake, geti linalofunga lazima lisimame au lirudi. Hapa waya za macho zilikuwa zimechomolewa, na kwenye terminali zake kimeungwa kipande kifupi cha waya ili bodi iamini kwamba njia haina mtu, mchana na usiku. Halafu kile kirekebishi cha nguvu kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Kazi yake ni kuiambia mota ikikutana na kizuizi cha kiasi gani igeuke. Kwa maneno mengine, geti la kama kilo 400 limepofushwa macho na kutiwa ganzi mwilini.

Na bado lilikuwa linarudi! Basi ugonjwa haukuwa kwenye bodi hata kidogo.

Jambo la kwanza ninalofanya kwa geti lolote linalosumbua ni kuliachanisha na mota kwa ule ufunguo wa dharura, kisha kulisukuma. Geti lisilo na ubovu, hata liwe zito, linakwenda kwa mkono mmoja. Hili tulilisukuma mimi na Babu, mabega yakiuma. Gurudumu la nyuma lilikuwa halizunguki, linaburuzwa. Beringi zimeliwa na kutu. Pale bahari haiko mbali, upepo wa chumvi hauna huruma na chuma. Nikaangalia mwisho wa reli upande wa kufungulia: stopa hakuna. Ile nondo au chuma kinachochomelewa pale kulizuia geti lisipitilize, kuna mtu alikikata na hakukirudisha. Siku limiti, ile swichi ya kuzima mota geti likifika mwisho, ikishindwa kazi, geti linatoka kwenye vishikizo vya juu na kulala chini, na aliye chini yake hana pa kukimbilia.

Wakati naeleza hayo, mjukuu wa nyumba ile akatoka mbio, umri kama miaka minne, akapanda kwenye chuma cha chini cha geti, akashikilia nondo na kusubiri.

"Anapenda kubebwa na geti," mama akasema, anacheka.

Mimi sikucheka. Nilimshusha.

Nikataja kazi: magurudumu mawili mapya, kuchomelea stopa, macho mapya kwa sababu moja lilishakufa, kurekebisha nguvu. Mama akaanza: "Yaani wewe nimekuita urekebishe rimoti, umeshanijengea geti jipya." Akampigia fundi wa mwanzo, akaweka spika. Yule jamaa akasema bila hata kusita: "Mama, hayo macho yanasumbua tu, vumbi likiingia geti halifungi. Mwambie aziunge zile waya."

Ni kweli macho yanasumbua. Buibui anajenga humo, mvua inaingia, jua la jioni likipiga moja kwa moja linayapumbaza. Ndiyo maana yanafutwa kwa kitambaa na kukaguliwa. Breki za gari zikipiga kelele huendi kwa fundi azing'oe.

Baada ya nusu saa ya maneno, mama akakubali magurudumu na stopa. Macho akakataa.

Nikaenda Mwenge kununua magurudumu, nikarudi na kijana wa kuchomelea niliyemchukua njiani. Sita na nusu mchana tulikuwa tumeinua geti kwa jeki, jua liko utosini, reli inaunguza magoti. Bolti mbili zilikataa kabisa, tukazikata kwa grinda. Umeme ukakatika katikati ya kuchomelea stopa, tukakaa chini ya mwarobaini karibu saa nzima. Babu akatuletea maji. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba kila jioni yeye ndiye humwondoa mtoto kwenye geti, na kwamba siku akiwa msalani huwa anasikia mota ikinguruma na moyo unamlipuka.

Umeme uliporudi, geti likawa jepesi. Nililisukuma kwa vidole. Kitu hicho kinanipa furaha mpaka leo, baada ya miaka yote hii.

Mama alirudi nikiwa namalizia. "Sasa unga waya, twende."

Nikamwambia sitaunga. Nikamweleza kwamba mwaka 2010 nchini Uingereza watoto wawili, mmoja wa miaka 6 Manchester na mwingine wa miaka 5 Bridgend, walibanwa na mageti ya umeme wakafa, ndani ya siku chache tu. Nikamweleza kwamba kiwango cha Ulaya, EN 12453, kinataka geti likikaribia kufunga lisibane kwa zaidi ya nyutoni 400, yaani kama uzito wa kilo 40, na lilegeze ndani ya chini ya sekunde moja. Akasema hayo ni ya Uingereza.

Nikaomba dumu tupu la lita 20. Nikaunga zile waya na kurudisha nguvu vilevile nilivyovikuta, nikaliweka dumu njiani, nikawasogeza wote mbali, nikabonyeza. Geti halikusita. Lililiminya dumu kwenye nguzo mpaka likapasuka kwa mlio, na mota ikawa bado inasukuma.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Lakini mtoto si dumu. Mtoto atakimbia."

Sikuwa na jibu ambalo sikuwa nimeshalitoa. Nikachomoa kile kipande cha waya, nikashusha nguvu, nikaliacha geti limeachanishwa na mota, lisukumwe kwa mkono mpaka macho yanunuliwe. Ufunguo wa dharura nikamkabidhi mkononi. Alinilipa vifaa na mchomeleaji. Kuhusu ufundi wangu alisema hawezi kumlipa mtu aliyemwachia geti halifanyi kazi. Nilikuwa nimefika pale saa 3, nikaondoka saa 9 na nusu.

Mchana uliobaki siukumbuki vizuri. Nilikula chipsi mayai nimesimama. Kulikuwa na kizuizi cha kuingilia maegesho ya ofisi moja Posta, mkono wake unawashukia watu juu ya magari. Waliochimba bomba walikuwa wamekata waya uliozikwa kwenye lami, ule unaotambua gari likiwa juu yake. Nikauunganisha upya na kuujaribu kwa magari sita. Ndani ya kisanduku cha kizuizi kuna springi kubwa inayobeba uzito wa ule mkono. Ukiufungua mkono wakati springi imevutwa inaweza kukuvunja taya, kwa hiyo hata nikiwa nimechoka vile nilijilazimisha kwenda taratibu. Giza likanikuta Magomeni kwenye foleni.

Nyumbani nilinawa kwa mafuta ya taa, halafu sabuni ya unga, na bado grisi ikabaki kwenye kucha. Nilikuwa nimeshajilaza Babu alipopiga.

"Fundi, yule mwenzako wa kwanza amekuja jioni. Ameunga waya. Linakwenda lenyewe."

Nikakaa kitandani. Nikamuuliza stopa ipo? Ipo. Mtoto yuko wapi? Amelala. Nikamweleza kibandani kwake swichi kuu ya mota iko wapi, na kwamba asiruhusu geti litembee kabla ya kumshika mtoto mkono, hata mama akipiga honi mara kumi. Nikamwomba arudie niliyosema. Akarudia yote.

Kesho nina kazi Tegeta saa 2. Nitatoka mapema nipitie Mbezi Beach. Nina jozi moja ya macho yaliyotumika, nimeyafuta lenzi na kuyajaribu mezani usiku huu, yanafanya kazi. Nitamwomba mama aniruhusu niyafunge bure.