Njumu za mtumba na kopo la gundi

Ninafundisha mpira watoto wa mtaa wetu hapa Busia, upande wa Uganda. Kwa misimu miwili kazi yangu kubwa ilikuwa kubandika soli. Njumu zetu zote ni mtumba. Mtoto anakwenda kupiga kona, soli inafunuka kama mdomo wa mamba, na uwanja mzima unaangua kicheko.

Nilikuwa napaka gundi nzito upande mmoja, nabandika ikiwa bado mbichi, kisha nakaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Jumamosi ikifika, imeachia. Nikaenda dukani kugomba kwamba nimeuziwa gundi feki.

Aliyenitoa gizani ni jirani yangu, mwalimu wa kemia. "Kocha, hiyo gundi ni raba iliyoyeyushwa. Harufu inayokupanda kichwani ni ya kiyeyusho kinachoruka. Ukibandika kabla hakijaruka, umekifungia humo ndani, sasa raba itashikaje?" Raba yenyewe huitwa neoprini, na ilianza kuuzwa Marekani miaka ya 1930.

Siku hizi nakwaruza kwa msasa, nafuta vumbi na mafuta, halafu napaka safu nyembamba pande zote mbili. Nangoja dakika 10 hadi 15, mpaka kidole kikigusa kisitoke na kitu. Ndipo nabandika na kugonga kwa nyundo, kisha kiatu kinalala hadi kesho yake. Nafanyia nje, mbali na jiko, maana mvuke ule unashika moto upesi. Tena safu mbili za gundi zikishagusana hazisogezeki. Kiatu cha kwanza nilikibandika upogo, kikabaki hivyo hivyo.

Hata hivyo soli nyingine zilikataa. Mzee mmoja fundi viatu alinionyesha kupima kwa msumari wa moto, pembeni pasipoonekana: raba halisi hutoa moshi na kunuka bila kuyeyuka, kwa sababu imepikwa na salfa, ufundi aliougundua Charles Goodyear mwaka 1839. Plastiki huyeyuka. Mwalimu akaniongezea kwamba soli laini ya PVC, aina mojawapo ya plastiki, imetiwa mafuta ya kuilainisha, nayo hujipenyeza polepole hadi kwenye gundi na kuilegeza. Hizo fundi anazishona kwa uzi wa nailoni, na mimi nimeacha kushindana nazo.

Kilichoniuma zaidi ni raba za mazoezi nilizonunua zikiwa safi kama mpya. Nilizitunza kabatini zisichakae, na siku nilipozivaa, soli ikamomonyoka kama mkate mkavu. Kumbe ile sifongo ya soli, ya plastiki iitwayo poliurethani, huliwa na unyevu wa hewani mwaka baada ya mwaka, hata kiatu kisipoguswa. Hapo gundi haina la kufanya, kwa kuwa hakuna kitu kizima cha kushika.

Sasa sokoni nabonyeza soli kwa kidole gumba na kuipinda kabla ya kuuliza bei. Ikinata au ikionyesha nyufa, naiacha hata ing'ae namna gani. Wauzaji wananinunia. Juzi mmoja aliniuliza, "Mzee, unanunua kiatu au unakanda chapati?"

Kile kiatu cha upogo anacho golikipa wetu. Ameshamaliza nacho msimu mzima, na hataki nikibandue nikinyooshe.