Siku Moja Maishani Mwangu: Mkaguzi wa Boti za Abiria, Malindi

Saa kumi na moja na nusu alfajiri nilikuwa nimeshafika bandarini Malindi, Unguja. Boti ya kwenda Mkoani, Pemba, ilipangiwa kuondoka saa moja na nusu, na ukaguzi hauwi ukaguzi abiria wakishapanda: huwezi kufunua mfuniko wa ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ya chombo yanapokusanyikia maji, huku mtu amekalia kapu lake juu yake.

Nilianza chini. Fundi aliwasha pampu ya ngama, nami nikapanda kuchungulia ubavuni hadi nikayaona maji yakitoka, maana pampu kunguruma si kuvuta. Saa kumi na mbili na robo nikahesabu majaketi ya kuokolea maisha. Idadi ilitimia, ila ya watoto yalifungiwa kabatini na mwenye ufunguo hajafika. Nikaamuru kufuli liondolewe.

Kilichonikalisha zaidi ni chelezo cha kujaa upepo, cha kuokolea watu chombo kikizama, kile kilichomo katika pipa jeupe juu ya sitaha. Pipa hushikwa na mkanda wenye kifaa kidogo ambacho, chombo kikizama kiasi cha mita 1.5 hadi 4, huuachia mkanda kwa msukumo wa maji, pipa likaibuka. Kamba yake hufungwa kwenye kiungo dhaifu kilichowekwa makusudi, ili ikishavutwa na kukijaza chelezo upepo, kiungo kikatike na chelezo kibaki juu. Kifaa kilikuwa kizima na tarehe yake haijapita, lakini baharia mmoja, kwa nia njema kabisa, aliifunga kamba moja kwa moja kwenye chuma cha sitaha. Fundo lilikuwa zuri mno. Lingekizamisha chelezo pamoja na boti.

"Mwanangu, abiria wameshajaa getini," nahodha aliniambia.

"Nawaona, baba, lakini kamba hii ifunguliwe kwanza."

Alipiga magoti mwenyewe, akaichokoa kwa msumari dakika kumi nzima bila kusema neno.

Saa moja na robo nilisimama penye ngazi nikihesabu vichwa, wakiwemo watoto wachanga mgongoni, ambao makarani huwasahau kwa kuwa hawakati tiketi. Hapo sina mzaha. MV Spice Islander I ilizama karibu na Nungwi Septemba 10, 2011, ikielekea Pemba na watu wengi kupita kiasi kilichoruhusiwa, na idadi halisi ya waliokuwamo ikawa mgogoro mrefu. Orodha ya siku hiyo ilikosa watoto wanne. Wakaandikwa, na boti ikang'oa nanga dakika 25 baada ya wakati wake, huku baadhi ya abiria wakininung'unikia waziwazi.

Mchana uliishia kwenye ripoti. Saa kumi jioni nahodha wa boti nyingine, aliyekwishapata habari, alinipigia kuuliza kamba yao inatakiwa ifungwe wapi hasa. Nilimchorea kiungo kile kwenye karatasi, nikakipiga picha na kumtumia, naye baada ya nusu saa akanirudishia picha ya kamba yake.